Shosho Alibaki Ushago

Julai 2020, baada ya miezi zaidi ya mitatu ya kufungwa kwa sababu ya korona, nyumba za ibada nchini Kenya zilianza kufunguliwa kwa masharti. Ibada isizidi saa moja. Waumini wasizidi mia moja. Tena kulikuwa na watu wa aina mbili ambao hawakutakiwa kukanyaga mlangoni kabisa: mtoto ambaye hajatimiza miaka 13, na mzee aliyepita miaka 58.

Katika mtaa wa Umoja, Eastlands, sharti hilo lilionekana kwa macho. Jumapili za kawaida, barabara ya Moi Drive hujaa watoto waliovalishwa soksi nyeupe, wakubwa wakiwashika wadogo mikono ili wavuke salama. Safari hii waliopita walikuwa watu wazima peke yao, barakoa usoni, wakitembea haraka kama watu waliosahau kitu nyumbani.

Baraza la viongozi wa dini lililoandika masharti hayo lilikuwa likiwaza ugonjwa, na halikukosea. Lakini lilikuwa limewafungia nje mtoaji na mpokeaji wa imani. Katika sehemu nyingi za Kenya, imani haikupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana kwa mstari ulionyooka. Ilipita kwa bibi. Baba alikuwa kazini au safarini, mama alikuwa shambani, na aliyekaa na watoto karibu na moto, akawafundisha kufumba macho kabla ya kula na kutaja majina ya wagonjwa wa kijiji mmoja mmoja, alikuwa shosho. Historia ya Umoja ni historia ya watu waliojaribu kulea watoto katika dini huku shosho akiwa mbali, kilomita mia moja, mia mbili, mia nne.

Mtaa wenyewe si wa kale. Umoja ya kwanza ilijengwa katikati ya miaka ya 1970, mashariki mwa Outer Ring Road, kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani kupitia shirika la USAID. Nyumba zake zilikaribia 3,000, ndogo, za chini, zilizokusudiwa kununuliwa polepole na watu wa mshahara mdogo na wa kadiri. Umoja ya pili ilifuata katika miaka ya 1980. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Buruburu, iliyoanza kujengwa 1973 kwa ajili ya wenye nafasi zaidi kidogo; kaskazini, Dandora ilikuwa ikichipuka kwa fedha za Benki ya Dunia. Jina la Umoja lilikuwa tamko la siasa ya wakati ule, lakini kwa waliohamia lilikuwa pia jambo la kila siku: Mkikuyu alipakana na Mjaluo, Mjaluo na Mkamba, Mkamba na Mluhya, na ukuta kati yao ulikuwa mwembamba kiasi kwamba sala ya jioni ya jirani ilisikika neno kwa neno.

Ili kuelewa ugeni wa kulea watoto katika dini bila shosho ni lazima kurudi nyuma hadi siku za misheni, kwa sababu wazazi wa kwanza wa Kikristo bara hawakuwa wazazi hata kidogo. Walikuwa watoto. Wamisionari walipofungua vituo Thogoto, Kabete, Maseno na kwingineko, wazee wengi hawakushughulika nao. Waliokwenda ni wavulana, na wengine walitoroka nyumbani. Jomo Kenyatta aliingia kituo cha Wascotland cha Thogoto mwaka 1909 akiwa kijana wa kuchunga mifugo, akabatizwa Johnstone mwaka 1914. Hakurithi Ukristo wake kwa mzazi yeyote. Waliojiunga waliitwa wasomaji: athomi kwa Kikuyu, josomo kwa Dholuo, neno lililotoka moja kwa moja katika Kiswahili somo. Kusoma na kuamini lilikuwa tendo moja. Imani ilipanda badala ya kushuka, kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama aliyemwona mwanawe akirudi na kitabu.

Njia hiyo iliacha makovu. Mwaka 1929 misheni ziliwataka waumini wa Kikuyu waape kuacha tohara ya wasichana, na nyumba zikagawanyika katikati. Wapo waliobaki misheni, na wapo waliotoka wakajenga shule na makanisa yao wenyewe, likiwemo lile linalojulikana hadi leo kama AIPCA. Swali lililowagawanya lilikuwa la uzazi kuliko la teolojia: nani ana haki ya kumfanya mtoto kuwa mtu mzima, mzazi wake au mchungaji? Swali hilo halijaisha Nairobi. Kila Desemba makanisa kadhaa ya jiji huwaweka pamoja wavulana waliotahiriwa, na kuwapa walezi wa kiume na mafunzo ya majuma kadhaa, kazi ambayo zamani ilikuwa ya rika na wazee.

Kufikia miaka ya 1950 mambo yalikuwa yametulia, na wale watoto waliotoroka walikuwa wamezeeka, wake zao wakiwa mashosho. Katika muongo huo mmoja Biblia nzima ilitoka kwa Kikuyu, kwa Dholuo, kwa Kikamba, na pia ile ya Kiswahili ya Muungano ya 1952. Watu wa kijijini walipata Mungu aliyesema lugha ya jikoni. Mtoto aliyezaliwa Murang'a au Siaya mwaka 1950 alijifunza nyimbo kwa kuzisikia mgongoni mwa bibi yake kabla hajajua kusoma.

Mtoto huyo ndiye aliyekuja kununua nyumba Umoja.

Nairobi aliyoikuta haikuwa imejengwa kwa ajili ya familia. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mjini kama mkono wa kazi, akalala kwenye kitanda kimoja katika chumba cha watu wengi, mke na watoto wakabaki mashambani. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa kati ya mitaa ya kwanza kufikiria kwamba Mwafrika wa mjini ana mke. Palipokuwa na familia kweli kweli tangu zamani ni Pumwani, iliyoanza mapema katika miaka ya 1920, na kabla yake Pangani, kijiji kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Huko wenye nyumba wengi walikuwa Waislamu, na wengi kati yao walikuwa wanawake waliotoka mashambani, wakasilimu, wakachukua majina mapya na kujenga. Walilea watoto wao na wa wenzao, wakawapeleka chuo wakasome Kurani kabla jua halijapanda, na walipokufa waliwaachia nyumba. Katika Nairobi ya Waafrika, Pumwani ilikuwa kati ya sehemu za kwanza ambako dini ilirithiwa pamoja na kitasa cha mlango. Wakristo walichukua miaka arobaini na zaidi kufika hapo.

Basi wazazi vijana wa Umoja walianza karibu bila kitu. Shosho hayuko. Katekista wa kijiji, aliyejua ubatizo wa kila mtoto na sababu ya kila aliyekosa ibada, hayuko. Na lugha ya sala imekwama. Baba aliyezoea kuomba kwa Kikuyu alikuwa na mtoto aliyecheza siku nzima na watoto wa Kiluhya na Kikamba, akarudi jioni anazungumza Kiswahili cha mtaani kilichochanganywa na Kiingereza cha shule, kile kilichokuwa kikiota Eastlands na kuitwa Sheng. Ukimfundisha kuomba kwa lugha ya nyumbani, anakariri asichokielewa. Ukimfundisha kwa Kiswahili, unamfundisha kwa lugha ambayo wewe mwenyewe hukulilia ndani yake. Hili halizungumzwi sana, na lingestahili kuzungumzwa: wazazi hawa walitoa dini yao katika lugha ambayo haikuwa ya mioyo yao, na waliitoa hata hivyo.

Wakatoliki walipata msaada kutoka mahali ambapo labda hawakutazamia. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 na tena 1976, wakaamua kwamba kanisa lijengwe upya kuanzia chini, kwenye jumuiya ndogondogo za Kikristo. Familia kumi, kumi na tano, zinazokaa karibu, zikutane nyumba kwa nyumba, zisome Injili ya Jumapili ijayo, ziombe, zishughulikie mgonjwa na mfiwa. Mpango huo ulifaa kijijini, lakini mtaani ulifaa zaidi, kwa sababu ulimpa mtoto wa Umoja kitu alichokosa: wazee wengi. Jumuiya ikikutana sebuleni kwenu, viti vinakopwa kwa jirani, kochi linasogezwa ukutani, chai inachemshwa kwa sufuria ile kubwa, na watoto wanakaa sakafuni. Huko walijifunza kwamba mama wa nyumba ya pili, ambaye si wa kabila lao, anaweza kuwatuma, kuwakemea na kuwaombea. Jirani akawa shosho wa muda. Katika parokia za Nairobi watoto hao pia wana chama chao, PMC, ambacho asili yake ni kazi iliyoanzishwa na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, mwaka 1843. Leo ndio wanaocheza mbele ya altare wakati wa matoleo, na mama asiyekuja kanisani mara nyingi huja siku mwanawe anapocheza.

Kwa Wapresbiteri kazi hiyo ilifanywa na ngoma. Boys' Brigade ilianzishwa Glasgow mwaka 1883 na William Smith, mwalimu wa Shule ya Jumapili aliyechoshwa na wavulana wasiotulia, akaamua kuwapa sare na gwaride. Kanisa la PCEA, ambalo mizizi yake ni misheni ya Wascotland, lilikuja nayo. Ukipita Eastlands siku ya sherehe utaisikia brigedi kabla ya kuiona: tarumbeta, ngoma kubwa, miguu ya watoto inayojitahidi kufuata mdundo. Waadventista nao wana Pathfinder, na siku yao ni Jumamosi, kwa hiyo katika ploti moja ya Umoja mtoto anaweza kumwona rafiki yake akienda kanisani Sabato huku yeye akifua sare ya shule.

Na wapo wasiohitaji sare ya kununua. Legio Maria, kanisa lililojitenga na Ukatoliki huko Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 likiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, makanisa ya Roho, Akorino wenye vilemba vyeupe: hawa huwafundisha watoto kwa miguu. Familia nzima huandamana barabarani kwa kanzu, bendera mbele, ngoma katikati, mtoto wa miaka minne akibebwa mabegani. Hakuna anayemweleza lolote. Anatembea tu, kila juma, hadi kutembea huko kunakuwa yeye.

Shule ilichukua sehemu yake. Baada ya uhuru serikali ilitwaa shule za misheni, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikayaacha makanisa yakiwa wafadhili. Somo la dini likabaki kwenye ratiba, na pembeni yake kipindi cha mafunzo ya kichungaji, PPI. Mkenya yeyote aliyesoma shule ya msingi ya umma anakijua: mara moja kwa juma watoto hugawanywa, Wakatoliki darasa hili, Waprotestanti lile, Waadventista kule, Waislamu na ustadhi wao. Kwa watoto wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kugundua kwamba rafiki wa dawati moja ni wa dini nyingine. Na kwa mtoto ambaye baba ni Mkatoliki na mama ni wa Africa Inland Church, kulikuwa na uamuzi wa kufanya mlangoni mwa darasa, akiwa na miaka saba, na mara nyingi alimfuata rafiki.

Halafu kulikuwa na likizo. Agosti na Desemba, wazazi wa Umoja waliwapakia watoto kwenye mabasi katika kituo cha Machakos Country Bus wakawapeleka ushago, mashambani kwa bibi. Sababu zilizotajwa zilikuwa chakula na hewa safi. Ukweli ni kwamba wengi walikuwa wakimrudishia shosho kazi yake. Kwa majuma manne mtoto wa mtaa alilala kwenye chumba chenye kibatari, akaamshwa alfajiri na sauti ya bibi akiomba kwa lugha ambayo yeye alielewa nusu, akasikia jina lake likitajwa katikati ya maneno hayo. Jina lako likitajwa gizani na mtu anayedhani umelala ni jambo zito. Hakuna mtaala wa Shule ya Jumapili uliowahi kulifikia.

Wakati huohuo, kizazi kingine kilikuwa kinarudia yale ya Thogoto. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Rwanda na Uganda ukaingia Kenya mwaka 1937, ulikuwa umewafundisha waliookoka kwamba wokovu hauwezi kurithiwa. Mungu hana wajukuu, walisema, na bado wanasema: kila mtu awe mwana mwenyewe. Njia kama hiyo waliifuata mhubiri Joe Kayo na wenzake, vijana walioanzisha Deliverance Church Nairobi mwaka 1970, wengi wao wakiwa wametoka kwenye makanisa ya baba zao. Kanisa hilo lilipokita mizizi Umoja, na chini ya Askofu J.B. Masinde likawa mojawapo ya makanisa yanayojulikana sana mtaani, lilivuta hasa watoto wa wenye nyumba wa kwanza. Mama alikwenda zake PCEA na kitabu cha nyimbo cha Kikuyu kwenye mkoba. Binti alikwenda mkutano wa vijana uliopigwa gitaa. Walikutana mezani saa nane, wali na kuku, na mabishano. Mara nyingi binti ndiye aliyembadilisha mama, si kinyume chake.

Ni vigumu kuukubali msemo ule wa wajukuu kikamilifu ukiangalia historia hii. Binti huyo alikuwa na wokovu wake mwenyewe, hakuna ubishi, lakini maneno ya kuombea alikuwa ameyapata mahali. Hata aliyemwacha baba yake kanisani alitumia alichopewa na baba huyo.

Miaka ya 1990 na 2000 ikabadilisha sura ya mtaa. Nyumba za chini ziliongezewa vyumba, kisha zikavunjwa, na sehemu ya Umoja iitwayo Innercore ikawa msitu wa maghorofa, orofa sita, saba, nguo zimeanikwa kila kibaraza. Makanisa yakaingia palipopatikana nafasi: kwenye hema, kwenye banda la mabati, kwenye darasa lililokodishwa, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wapangaji walihama kila baada ya miezi michache, na jumuiya iliyokuwa na wazee walewale kwa miaka kumi sasa ilikuwa na nyuso mpya kila Krismasi. Waislamu wa Umoja, wachache ukilinganisha na wale wa Pumwani na Eastleigh, waliwapeleka watoto madrasa Jumamosi na Jumapili, siku ambazo wenzao walikuwa wakicheza mpira uani.

Muziki ulifika mahali ambapo mzazi hakuweza kufika. Juliani, mzaliwa wa Dandora, alitoa albamu ya Mtaa Mentality mwaka 2008 na Pulpit Kwa Street mwaka 2011, akahubiri kwa Sheng bila kuomba radhi. Kijana wa Eastlands alisikia dini ikisemwa kwa lugha aliyoitumia kutaniana. Matatu za Umoinner zinapopiga injili Jumapili asubuhi, makanga anaimba pamoja na abiria, na mtoto aliye dirishani anajua maneno yote.

Wengine wameacha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 750,000 nchini wasio na dini. Na tangu Aprili 2023, miili ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, zaidi ya 400 kwa jumla na mingi ikiwa ya watoto, mzazi anayemwachia mhubiri mtoto wake ana sababu ya kuuliza ni nani huyo na anafundisha nini. Watoto wale hawakuchagua. Walipelekwa na watu waliowapenda.

Leo wanunuzi wa kwanza wa Umoja, walio hai, wamepita miaka sabini. Wapo waliorudi mashambani, na wapo wasiorudi, ambao nyumba yao ya chini bado imesimama katikati ya maghorofa, jua likiifikia saa chache tu. Watoto wao wanaishi Umoja, Kayole, Ruai, au Dallas, na wajukuu wengi hawana ushago mwingine. Likizo ikifika huletwa hapahapa, kwa matatu ya njia ya 35/60. Shosho hatimaye amefika mjini.

Jioni humwomba mjukuu amsomee, maana macho yamechoka. Anamwambia afungue Thaburi ya ishirini na tatu. Mjukuu, mzaliwa wa Innercore, hajui Thaburi ni kitu gani. Anaitafuta kwenye simu, haipati, anauliza, kisha anaandika Zaburi. Ikishafunguka, shosho hufumba macho na kuanza kuisema kwa Kikuyu kutoka kichwani, taratibu. Mtoto humfuata kwa Kiswahili kwenye kioo cha simu, akikwama hapa na pale, na wawili hao humaliza karibu wakati mmoja.